Soma kwanza, ndipo ushushe sindano: kuisikiliza albamu ya hadithi za Poe

Kosa la kwanza hutokea wakati wa kununua, kabla sindano haijagusa santuri. Tales of Mystery and Imagination, albamu ya kwanza ya Alan Parsons Project, inauzwa kwa sura mbili chini ya jina moja: ya 1976 na ya 1987. Nyimbo ni zile zile, lakini masikioni ni vitu viwili. Aliyetaka ya kwanza akaletewa ya pili huwa ameshalipa nauli ya mzigo, ushuru na majuma ya kungoja, na muuzaji hana kosa kwa sababu ametuma jina lililoagizwa. Mimi nililipa mara mbili. Yafuatayo nimeyapanga kwa mfuatano wa hatua zenyewe, toka kununua hadi kuhifadhi, na nimetaja panapoharibika na kwa nini.

Kwa aliye mgeni: albamu hii ni ya roki ya progresivu, iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanamuziki waliochoka na wimbo wa dakika 3 waliingiza okestra, vipande virefu, na albamu nzima inayozunguka wazo moja. Fasihi ya kigothiki, yenye majumba yanayooza, watu wanaozikwa wakiwa hai na dhamiri zinazowatafuna wenyewe, iliwafaa sana, maana hofu inataka muda wa kupikwa. Eric Woolfson, mtunzi kutoka Glasgow, alikuwa na wazo la kutunga muziki kutokana na maandishi ya Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufa Baltimore mwaka 1849. Mwaka 1974, kwenye kantini ya studio za Abbey Road mjini London, alikutana na Alan Parsons, fundi mitambo aliyekuwa amerekodi The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Andrew Powell akapanga okestra na kwaya. Kila wimbo ulipewa mwimbaji wa kuufaa, kama mwenye tamthilia anavyogawa wahusika.

Sasa kuzitambua sura mbili. Inachukua sekunde chache tu. Ukicheza kipande cha kwanza ukasikia sauti nzito ya mwanamume ikisimulia, hiyo ni ya 1987, na msimulizi ni Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Marekani. Kikianza kwa muziki mtupu, ni ya 1976. Kanda ya Welles iliwafikia albamu ikiwa imekwisha, ikabaki kabatini hadi Parsons alipochanganya sauti upya kwa ajili ya CD, wakati Welles mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Katika mchanganyo huo Parsons aliongeza gitaa la Ian Bairnson, sintesaiza, na mwangwi mkubwa kwenye ngoma, ule mlio wa miaka ya 1980 unaolipuka kisha kukatika ghafla.

Ninampenda sana Welles, lakini kwa kuanzia chukua ya 1976. Ngoma zake ni kavu na ziko mbali kidogo, hivyo ukimya unaozizunguka unasikika, na ukimya ndio nusu ya hofu. Kama unanunua mara moja tu, toleo la CD mbili la mwaka 2007 lina sura zote mbili. Boksi la 2016, lenye santuri na mchanganyo wa spika nyingi, ni la mkusanyaji. Halikuongezei uelewa kwa kiasi cha bei yake.

Kuna mtego mmoja kwenye hiyo ya 1987. Maneno anayosema Welles mwanzoni mwa A Dream Within a Dream hayamo kwenye shairi la Poe lenye jina hilo. Yametoka kwenye vipande vifupi vya maoni ambavyo Poe alivichapisha kwa jina la Marginalia. Anayoyasema kabla ya The Fall of the House of Usher (Usher kwa kifupi) nayo hayamo kwenye hadithi yenye jina hilo. Usipoteze jioni nzima ukiyasaka kwenye kurasa ambazo hayamo.

Hatua ya pili ni kusoma, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Albamu hii haisimulii visa, inadhani unavijua. Nyimbo zake zinachukua dakika moja ya mhusika, pale anapoungama au anapocheka, na kipande kikubwa kuliko vyote, The Fall of the House of Usher, hakina uimbaji hata kidogo. Asiyesoma atasikia okestra, radi na vinanda kwa robo saa, ataona imerefushwa bure, na atairudisha kwenye jalada. Kuna santuri nyingi za albamu hii sokoni zilizochakaa upande A na kung'aa upande B. Nadhani hiyo ndiyo sababu.

Maandishi yenyewe hayana tena hakimiliki. Yanapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni. Tatizo ni Kiingereza cha miaka ya 1840. Anza na The Tell-Tale Heart ya 1843 na The Cask of Amontillado ya 1846. Kila moja ina maneno elfu mbili na ushee, nusu saa kwa kamusi. Kisha The Raven ya 1845, beti 18 za mishororo 6, jumla mishororo 108. Usher ya 1839 ni ndefu mara tatu ya zile fupi na sentensi zake zinajikunja, kwa hiyo itengee usiku wake peke yake. The System of Doctor Tarr and Professor Fether ya 1845 iache mwisho. Mashairi mawili mafupi, lile la ndoto ndani ya ndoto na To One in Paradise, yasome asubuhi ya siku utakayosikiliza.

Yapo maneno machache yanayozuia njia. Amontillado ni aina ya mvinyo wa Hispania. "Nitre", neno linalotajwa Fortunato anapokohoa katika hadithi hiyo, ni ile chumvi nyeupe inayoota kwenye kuta za handaki la Montresor. "Tarn" kwenye Usher ni ziwa dogo la milimani, jeusi na lililotulia. Pavane ni ngoma ya kale ya majumba ya wakuu wa Ulaya, inayochezwa polepole kwa hatua za heshima. Majina ya Tarr na Fether yanatamkwa kama maneno ya Kiingereza ya lami na unyoya, yaani ile adhabu ya kumpaka mtu lami na kumbandika manyoya. Bila kulijua hilo, mwisho wa hadithi ile ya hospitali ya wagonjwa wa akili kusini mwa Ufaransa, ambako wagonjwa wamewafungia walinzi wao, unakupita.

Na kunguru. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia neno hilo anamwona kunguru wa mjini mwenye shingo ya kijivu, mwenye kelele, anayenyakua mkate mezani. Ndege wa Poe si huyo. Ni mkubwa zaidi, mweusi kabisa, mwenye mdomo mnene na sauti inayotoka chini ya koo. Mfute yule wa jalalani kwanza, la sivyo wimbo utachekesha. Poe aliandika mwaka 1846, katika insha yake ya The Philosophy of Composition, kwamba ndege wa kwanza kumjia akilini alikuwa kasuku, kisha akamwacha kwa kuwa kunguru alilingana zaidi na huzuni aliyoitaka. Aidha alieleza kwamba alianza na kibwagizo: alitaka neno moja lenye sauti ya "o" ndefu na "r", ndipo shairi likajengwa kulizunguka. Sisi tuliokulia kwenye mashairi yenye kipokeo tunaielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Tangu ndege aanze kusema, neno ni lile lile, "Nevermore" (kamwe tena), lakini mtu anayelisikia anazidi kuvunjika.

Insha hiyo ina jambo jingine linaloamua namna ya kusikiliza. Poe alishikilia kwamba kazi isiyoweza kusomwa kwa kikao kimoja inapoteza nguvu yake, kwa sababu shughuli za dunia huingia katikati na kuvunja hisia. Santuri ina dakika 20 na kidogo kila upande. Zichukulie pande hizo kama vikao viwili, na usikatize kikao.

Kabla ya kushusha sindano kuna kazi ya mikono. Santuri ya miaka hiyo ikitoka kwa mtu mwingine ina vumbi lililoganda na alama za vidole. Tumia maji yaliyotoneshwa, tone moja la sabuni laini ya vyombo kwa lita, na brashi ya nyuzi laini. Sugua kwa kufuata mduara wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa tena. Maji ya bomba yakikauka yanaacha chumvi mferejini, na chumvi hiyo ndiyo mlio wa "tsi, tsi" utakaousikia baadaye. Linda karatasi ya katikati isilowe. Simamisha santuri ikauke yenyewe kivulini, maana jua la mchana huipinda kwa muda mfupi sana.

Uzito wa sindano upime kwa mizani ndogo ya kazi hiyo; katriji (kichwa kinachoshika sindano) nyingi za kawaida zinataka kati ya gramu 1.5 na 2, na karatasi ya maelezo ya katriji yako ndiyo inayoamua. Watu wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihifadhi santuri. Kinyume chake, sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba. Ukisikia mvumo wa umeme usiokoma, tafuta ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye mashine ya santuri na ukaze kwenye skrubu yake ya amplifaya. Na kama amplifaya haina tundu lililoandikwa PHONO, utahitaji kifaa kidogo cha kukuza sauti kabla. Ukichomeka moja kwa moja utapata sauti nyembamba isiyo na besi, ukadhani santuri ndiyo mbovu.

Chumba kiwe kimya. Feni izimwe. Chini ya paa la bati usianze wakati mvua inakuja, kwa kuwa upande B una mvua na radi zake, na hutajua ipi ni ipi.

Kiasi cha sauti ndicho kilichowaudhi wengi ninaowajua. Upande B unaanza kwa okestra ya chini mno, msikilizaji anaongeza sauti hadi mwisho, kisha Arrival inaingia na radi na kinanda kikubwa cha kanisa, na jirani anagonga ukuta. Pima sauti kwa wimbo wa mwisho wa upande A, Doctor Tarr, ambao ndio wenye kelele ya roki ya kawaida. Ikikufaa, iache hapo, uvumilie kusikia kwa shida mwanzo wa Usher. Shida hiyo ni sehemu ya kazi.

Upande A. A Dream Within a Dream hauna maneno. Unajenga taratibu, na mwishoni linabaki gitaa la besi linalodunda peke yake na kutuvusha hadi The Raven bila pengo. Sauti inayofungua The Raven ni ya Parsons mwenyewe ikipitishwa kwenye vokoda ya EMI, mashine inayoyavisha maneno ya mtu mlio wa ala. Mtu anazungumza lakini joto la mwili limetolewa. Kisha anaingia Leonard Whiting, mwigizaji aliyekuwa Romeo katika filamu ya 1968. Usitarajie beti 18 za Poe. Maneno yameandikwa upya kwa ufupi, ndiyo maana inakupasa uje na beti zenyewe kichwani.

The Tell-Tale Heart ameimba Arthur Brown, na hakuna aliyeufaa zaidi. Kumbuka kisa: mtu anamuua mzee kwa sababu ya jicho lake, anamficha chini ya mbao za sakafu, askari wanakuja, naye anaanza kusikia mapigo. Poe anaufananisha mlio huo na saa iliyofungwa ndani ya pamba. Msikilize Brown ukiwa na saa hiyo akilini. Anaanza kama mtu anayejitetea kwa akili timamu, na kila mstari unamtoa nje ya nafsi yake mpaka anapiga ukelele. Katikati okestra inatulia, inakuwa nzuri hata unasahau. Hapo ndipo muuaji amewakaribisha askari viti, naye ameketi juu ya maiti. Bila hadithi, sehemu hiyo ni mapumziko tu. Ukiijua, ndiyo inayotisha kuliko kelele.

The Cask of Amontillado nitaupita haraka: John Miles anaimba kwa upole maneno ya mtu anayemjengea mwenzake ukuta, na upole huo ndio ukatili. Katika hadithi Montresor anasimulia haya baada ya nusu karne, na sauti ya mwisho kutoka nyuma ya matofali ni njuga za kofia ya kanivali. Doctor Tarr, ulioimbwa na Miles pia, ndio uliopenya chati za Marekani hadi nafasi ya 37. Ni wimbo mzuri, lakini kama ndio pekee uliousikia redioni, hujaijua albamu bado.

Geuza santuri, na usiondoke chumbani.

Jina la Usher linamfaa Mswahili kuliko msomaji mwingine. Poe anaeleza kwamba wanakijiji waliita jengo na ukoo kwa jina moja. Kwetu nyumba ni matofali, na nyumba pia ni watu wa tumbo moja au mlango mmoja, kwa hiyo kuanguka kwa nyumba ya Usher tunakusikia kwa maana zote mbili papo hapo. Katika ukurasa wa mwanzo kuna ufa mwembamba usioonekana kwa urahisi, unaoshuka kutoka paani hadi kupotea kwenye maji ya ziwa. Aliyelelewa na methali ya ufa na ukuta atajua anaelekea wapi.

Prelude, dakika 7 hivi, inatokana na opera ambayo Claude Debussy aliihangaikia kati ya 1908 na 1917 juu ya hadithi hii hii bila kuimaliza, ingawa jina lake halikutajwa kwenye albamu. Ndiyo sababu haifanani na roki. Usiisubiri iishe, tembea nayo kama yule mgeni anayepanda farasi siku nzima ya vuli kuelekea kwenye jumba. Arrival ni mlango na dhoruba. Intermezzo ni dakika moja ya giza. Halafu inakuja Pavane, na hapa naomba usome tena mstari mmoja wa hadithi: Roderick Usher ameugua kiasi kwamba sauti zote zinamtia hofu, isipokuwa baadhi ya sauti za ala za nyuzi. Sasa sikiliza Pavane inafunguliwa na nini. Simbalomu, kantele, kinubi: nyuzi zinazogongwa na kukwanyuliwa. Ni muziki pekee ambao mgonjwa yule angeweza kuvumilia kuusikia. Dakika 4 na nusu za nafuu, huku dada yake pacha amelazwa kwenye kaburi la chini ya jumba, na sisi tuliosoma tunajua hajafa. Nilipoligundua hili nilinyanyua sindano na kurudia Pavane yote, kinyume cha ushauri wangu mwenyewe.

Fall haifiki dakika moja. Okestra nzima inaporomoka. Kisha To One in Paradise, alioimba Terry Sylvester, unaingia kwa sauti nyororo kama mtu aliyebaki ukingoni mwa ziwa akitazama maji yakijifunga. Kuwa na subira na mlio wake: umechongwa karibu na katikati ya santuri, ambako mfereji kwa kila mzunguko ni mfupi na sindano inabanwa, hivyo herufi "s" huchafuka. Ikizidi, panga upya pembe ya katriji kwa karatasi ya vipimo kabla ya kununua sindano mpya. Sindano yenyewe huhimili saa 500 hadi 1,000 hivi.

Kuhifadhi kwenye kompyuta kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni kiwango cha kurekodi. Usikipime kwa Prelude. Peleka sindano kwenye Fall, rekebisha hadi kilele kisizidi takriban desibeli -6, ndipo urudi mwanzo wa upande. La sivyo anguko lote litakatwa vichwa na hakuna programu itakayolirudisha. Rekodi kwa biti 24, hifadhi kama FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Wa pili ni kukata vipande: kata pale pale panapounganika bila kuongeza ukimya, hasa kati ya kipande cha kwanza na The Raven, na kati ya sehemu tano za Usher. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na kimya hicho kikiangukia katikati ya dundo la besi kinasikika kama kujikwaa. Wa tatu uko kwenye simu: zima uchezaji wa kuchanganyachanganya, na kama kuna chaguo la kusawazisha sauti, liweke kwa albamu, si kwa wimbo, maana la wimbo litaipandisha Prelude na kuishusha Arrival hadi zilingane, na radi itakuwa manyunyu.

Ukitaka kuendelea, opera ya Peter Hammill juu ya Usher, yenye maneno ya Chris Judge Smith, ilitoka 1991, na Lene Lovich ndiye anayemwimba Madeline, yule dada pacha wa Roderick. Hammill aliitoa tena 1999 baada ya kuondoa ngoma na kurekodi upya uimbaji wake. Hapo pia angalia mwaka kabla ya kulipa. Woolfson naye alirudi kwa Poe mwaka 2003, bila Parsons. Vyote viwili viache hadi umeisikiliza Pavane mara kadhaa, taa zikiwa zimezimwa.